Kifua cha Gauni la Kigango

Alhamisi asubuhi Kutbuddin alikuwa barazani kwake, Temeke, akitia mafuta cherehani, Demetria alipofika na gauni la harusi kichwani. Alikuwa amelifunga kwenye shuka, lakini kifua cha gauni kilikuwa kimeisukuma shuka mpaka fundo linataka kufunguka. Kutbuddin alikiona kile kifua kabla hajamwona aliyekibeba.

"Mama Gaspar hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Kanipa gauni lake. Naolewa Jumamosi, nataka ulipunguze."

Gauni lenyewe lilikuwa kama mali ya kigango kizima. Kanisani pale hapakuwa na padri wa kudumu, alikuja kwa pikipiki Jumapili mbili kwa mwezi na siku za harusi, na waumini walikuwa watu wa bara, makarani na wachukuzi wa bandarini pamoja na wake zao. Kila binti wao aliyefunga ndoa kanisani aliifunga ndani ya gauni hilo hilo. Kutbuddin ndiye aliyelishona, wakati wa vita, kwa ajili ya Apolonia, ambaye sasa aliitwa Mama Gaspar. Apolonia alikuwa na kifua kilichosifiwa mpaka Pugu. Siku ya harusi yake alicheza mpaka jua likazama, akavua gauni, akalitundika kwenye msumari, na matiti yakabaki humo. Akalala bila hayo, akaamka bila hayo. Watu walimsikitikia kidogo, kisha wakaona gauni limependeza sana vile lilivyo, wakaanza kuliazima.

Kutbuddin hakuwa akipima wanawake. Aliyepima ni mkewe, Maryambai, nyuma ya pazia, na alisoma vipimo kwa sauti ili mumewe avisikie barazani. Siku hiyo kwenye benchi la baraza walikaa wachukuzi watatu wakingoja suruali zao.

"Kiuno ishirini na nne!" alisema Maryambai. "Kifua thelathini!"

"Ngapi?"

"Thelathini! Na hapo kavuta pumzi!"

"Mwambie aachie, tupate ya kweli," alisema mchukuzi mmoja, wenzake wakacheka. "Jamani, huyu anaolewa au anapokea komunyo ya kwanza?"

Demetria akatoka nyuma ya pazia, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Na nyie mkija kupimwa suruali, fundi naye awasomee kwa sauti?"

Wakageukia barabarani, wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Kutbuddin alibana gauni ubavuni, akashona. Kabla ya adhuhuri kifua kilikuwa kimezikata nyuzi zote na kuzidondosha sakafuni. Akarudia kwa uzi wa magunia. Huo ulichukua muda zaidi, lakini nao ukakatika. Akaondoa miwani akaifuta.

"Hili limeshazoea hivi, bibi. Halibaniki. Nina kipande cha bafta nyeupe hapa, nikushonee lingine?"

Demetria alifikiri kidogo, akasema amshonee.

Ijumaa jioni alilivaa nyuma ya pazia. Halikuwa na lesi, halikuwa na mkia. Lilimkaa. Bega lilikaa juu ya bega, kifua juu ya kifua, na popote alipogusa kitambaa alijigusa mwenyewe. Alisimama mbele ya kioo cha Maryambai mpaka Maryambai akawasha taa, naye bado anajitazama. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na tangu avunje ungo alikuwa amezoea kutembea amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi. Jioni ile alirudi nyumbani mikono ikining'inia.

Jumamosi asubuhi Apolonia akaja kumvisha. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, tena shangazi wa bwana harusi.

"Hilo nini?" akauliza.

"Gauni langu, shangazi."

"Hilo? Mwanangu, hiyo ni foronya. Projestus ni mtoto wa kaka yangu, siwezi kumkabidhi foronya mbele za watu."

"Projestus ananijua miaka mitatu. Anajua nilivyo."

"Haya, aulizwe."

Projestus alikuwa nje, kwenye kivuli cha kibaraza cha kota, ndani ya suti ya kuazima. Alikuwa karani wa ghala, mpole, asiyependa kelele. Demetria akamwita dirishani, akasimama wima ili aonekane vizuri.

"Unaonaje?"

Projestus alimtazama, akatazama viatu vyake.

"Mie sina neno. Hayo mnayajua nyie wanawake. Ila wenzangu wote wa ofisini wamekuja."

Kwa hiyo Demetria akavaa lile la kigango. Kati ya kifua chake na kile cha gauni palibaki nafasi ya kupitisha mkono, na hewa ya baridi ilizunguka humo Misa nzima. Kifua kilitangulia, yeye akafuata. Padri alipouliza swali lake, Projestus alijibu "Ndiyo" akikitazama kifua, kwa sauti ya upendo kabisa. Katikati ya kiapo mtoto mmoja akalia kule nyuma, na gauni likaanza kutoa maziwa. Hilo lilitokea kila harusi. Apolonia akainuka na leso, akapangusa, akarudi kukaa. Mpiga picha alingoja nje mpaka kitambaa kikauke. Kwenye ile picha Demetria amefumba macho, lakini kifua kimetoka vizuri, ndiyo sababu haikurudiwa.

Jioni, walipobaki wawili, Demetria alivua gauni akalitundika. Projestus alikuwa amekaa kitandani.

"Yako wapi?" akauliza.

"Si hayo hapo, kwenye gauni."

"Nilidhani yatahamia."

"Miaka mitatu, Projestus!"

"Najua. Ila nilidhani."

Hakuwa mume mbaya. Alirudi mapema, alikula alichopikiwa na kushukuru. Lakini Jumapili baada ya chakula alianza kusema anapita kwa shangazi mara moja, na Demetria alijua gauni linatundikwa wapi. Lile la bafta Apolonia alikuwa amelikata, akashona foronya mbili, akawapa kama zawadi ya harusi. Projestus alisema ni laini. Demetria alilalia mkono wake mwenyewe.

Siku moja akamfuata Apolonia nyumbani. Mbuzi wa maziwa alikuwa amefungwa uani. Watoto wote wa Apolonia, kuanzia Gaspar, walikua kwa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi, kwa sababu mama yao hakuwa na cha kuwapa. Kitinda mimba alikuwa analia mgongoni kwa dada yake. Ndani, gauni lilikuwa likidondosha maziwa kwenye bakuli lililowekwa chini yake, na paka akinywa.

"Shangazi, hayo ni yako," alisema Demetria. "Kwa nini usiyachukue?"

Apolonia aliweka kiganja kwenye kifua cha gauni, taratibu, kama anayepima joto la mgonjwa.

"Nikiyachukua litalegea. Nani atakubali kuolewa nalo?"

"Mie ningekubali."

"Wewe umeshaolewa," alisema Apolonia, akaenda kumkamua mbuzi.

Baada ya Pasaka ikafika zamu ya Rosalia, binti mwembamba aliyekuja Dar kufundisha darasa la kwanza. Desturi ya kigango ilikuwa kwamba aliyeolewa mwisho ndiye anayemfunga vifungo anayefuata. Demetria alikwenda amekusudia kusema jambo. Alikuwa amelipanga usiku kucha, neno kwa neno. Alipofika, akina mama walikuwa wameshamwingiza Rosalia ndani ya gauni na walikuwa wakipiga vigelegele, na dirishani bwana harusi alikuwa akikipungia mkono kile kifua.

Demetria akazunguka nyuma, akaanza kufunga kuanzia chini. Rosalia alikuwa akijitazama kwenye kioo, akipindua shingo huku na huku.

"Dada," akanong'ona, "mie niko wapi humu?"

"Uko nyuma yake. Vuta pumzi."

Rosalia akavuta. Demetria akafunga kifungo cha juu kabisa, kisha akaanza kutafuta leso, maana nje mtoto alikuwa ameanza kulia.