Mstari wa Pili wa Olga

Mimi na Olga tulikuwa na desturi yetu: mstari wa kwanza wa shairi unaandikwa kwenye kichwa cha barua pepe, wa pili unakaa ndani. Ukifungua kichwa tu, mtandao ukakatika, unabaki kukisia. Kukisia huko kulikuwa nusu ya mapenzi yetu.

Barua zake kutoka Kanada, alikohamishiwa pamoja na familia yake, zilifikia kwenye kompyuta ya mezani ya Nicodème, kibandani kwake hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nicodème aliipanga programu ivute barua zote asubuhi, mtandao ukiwa na nguvu, kisha izifute kwenye seva huko mtandaoni zisijaze nafasi. Mchana tulisoma bila bando, na hakuna aliyelalamika.

Siku moja Nicodème alinipigia simu. "Mushairi, bibi yako ameandika. Kuya mbio!"

Kabla sijafika, kompyuta ikaanza kujisasisha yenyewe. Mawingu yalikuwa yamefunika sola tangu alfajiri. Betri ya sola ikaisha, mashine ikazima katikati ya kazi. Ilipowaka tena, programu ilitukaribisha kama wageni: andika jina lako. Hakuna hata barua moja iliyoonekana.

"Atanitumia tena," nilisema.

Hakutuma. Kesho yake kaka yake, Jean-Paul, alipiga simu akilia. Moyo wa Olga, uliokuwa ukitibiwa huko, ulikuwa umesimama. Simu yake, aliyoandikia barua zile, ilikuwa imefungwa kwa nywila asiyoijua mtu.

Ushairi nilijifundisha mwenyewe, bila mwalimu. Nikaapa mashine haitanishinda. Nilipekua folda moja baada ya nyingine mpaka nikaipata ile ya zamani iliyotunza barua, nikaielekeza programu huko. Vichwa vya barua za Olga vikajipanga vyote. Nicodème akapiga makofi.

Nikafungua ya mwisho. Tupu. Nikafungua ya kabla yake. Tupu.

Tukaifunga kompyuta kwa kitenge, tukaipeleka mjini Mbarara kwa Muhirwa, fundi Mrundi ambaye watu wa kambini humwamini. Aliikagua faili moja baada ya jingine.

"Ndugu yangu, hii ni orodha tu. Faili lenye maneno yenyewe limebaki ganda. Umeme ulikatika likiwa linahamishwa."

"Programu ina kitufe cha kurekebisha folda. Kibonyeze!"

"Nimekijaribu kwenye nakala. Hata vichwa vikapotea."

"Sasa wewe ni fundi wa nini? Wa kutangaza misiba?"

"Gad!" Nicodème alinishika mkono. "Usitukane batu. Kosa ni ya jua na mimi."

Muhirwa hakukasirika. Alinisogezea kiti mbele ya kioo cha kompyuta. Kichwa cha mwisho kilikuwa bado kwenye orodha, barua yake haijasomwa:

*Sauti ikinyamaza, usidhani nimelala.*

Nikabonyeza kujibu. Ukurasa mweupe ukafunguka, na kile kijiti cheusi kikawa kinawaka na kuzimika chini ya mstari wake.

"Malizia wewe," Nicodème akaninong'oneza. "Maneno unayo mingi."

Ni kweli, ninayo. Vina vya "la" ninaweza kuvimwaga hadi jua lizame, na hakuna kijana wa Nakivale wala wa kambi jirani ya Oruchinga atakayenifikia. Vilikuja vyenyewe, vimepangana, vyote vizuri, na hata kimoja hakikuwa na sauti ya Olga.

"Mstari huo si wangu," nikasema.

Nikaufunga ule ukurasa bila kuandika neno. Kisha nikaizima kompyuta taratibu, hatua kwa hatua, jinsi inavyotakiwa kuzimwa.