Majirani Niliowatunga

Jumatatu mwanangu Imrani alinipigia simu kutoka Dar es Salaam kusema anakuja Jumamosi, na kwamba safari hii anataka kuonana na Mama Nasma ana kwa ana amshukuru. Nilikaa kwenye ngazi za baraza nikajishika kichwa. Mama Nasma hayupo. Sisemi amesafiri. Hayupo kabisa, hajawahi kuwapo. Nilimtunga mimi kwa mdomo wangu, nikampa mume mwenye kisukari na bustani ya matembele, na kila nikiulizwa nimekula nini nasema kaniletea Mama Nasma.

Tena hayuko peke yake. Yupo Mzee Ismaily, mstaafu wa posta, ambaye jioni hupita kunijulia hali na kunisimulia mambo ya zamani mpaka nachoka. Huyo nilimpenda sana. Siku moja nilimwambia Imrani kwamba Mzee Ismaily anaumwa mgongo, na nilipokata simu nikajikuta nimehuzunika kweli.

Nilifanya hivyo kwa sababu Imrani anataka nikaishi kwake, ghorofa ya tatu, chumba kinachotazama ukuta wa jengo jingine. Anasema mama mstaafu hawezi kukaa peke yake Nachingwea bila mtu wa kumwangalia. Mimi sitaki. Maisha yangu yote ya kazi, Ruangwa mjini na vijiji vyake, nimekaa nyumba za walimu, nyumba ambazo hata msumari wa kutundikia kalenda unaogopa kuupiga ukutani. Hii ni yangu. Nataka nizeekee humu, na siku ikifika nitolewe humu. Kwa hiyo kila akiniuliza, "Mama, una watu hapo?" nilimjibu ninao, tena wengi.

Majirani wa kweli nilikuwa nao watatu, wote wastaafu, na nikiwajua kupitia tundu la geti. Kulia kulikuwa na bibi mmoja mrefu aliyekuwa nesi. Kushoto, dereva wa zamani wa serikali ambaye hadi leo anatembea na funguo mkononi ingawa hana gari. Mbele yangu, askari magereza mstaafu anayefagia uwanja kila asubuhi kana kwamba mkaguzi yuko njiani. Kwa mwaka mzima na zaidi tulikuwa na shikamoo na marahaba, basi.

Nilikuwa nawangoja wao waanze. Kwa akili zangu za ualimu, mgeni hutambulishwa. Mwalimu mpya akifika shuleni, mwalimu mkuu humsimamisha mbele ya paredi, wanafunzi wanapiga makofi, kazi inaanza. Basi nami nilihamia, nikatundika mapazia, nikakaa kungojea makofi. Miezi ilipopita bila makofi nikakata shauri kwamba wana roho mbaya wote watatu. Nikawa nawasema peke yangu nikiosha vyombo, na nilikuwa nawasema vizuri sana.

Sasa nilikuwa nawahitaji. Jumanne nikajifunga khanga mpya, nikakaanga korosho sahani nzima, nikaenda kwa yule nesi. Nilipofika mlangoni ndipo akili ikanirudia: nimempelekea mtu wa Nachingwea korosho. Nyuma yake ukumbini kulikuwa na magunia ya korosho yamepangana hadi karibu na dirisha.

"Hodi."

"Karibu. Ee, Mwalimu! Leo geti limekutapika?"

Akanipa kiti, akaniambia anaitwa Sikuzani, nami nikamweleza shida yangu yote bila kupumzika. Alinisikiliza akitafuna korosho zangu.

"Kwa hiyo unataka mimi niwe Mama Nasma."

"Kwa siku moja tu, Bi Sikuzani."

"Mimi sina Nasma. Nina Zulfa na Mwamina."

"Basi hata Mama Zulfa. Nitamwambia nilikosea jina."

"Na mume wangu anaumwa nini?"

"Kisukari."

"Mume wangu ni marehemu, Mwalimu. Kitambo."

Nikasema pole, na kwamba sikujua. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaweka sahani chini.

"Mtoto wa mtu mie simdanganyi," akasema. "Lakini nikuulize. Mbona hukutuita?"

"Kuwaita wapi?"

"Dua, Mwalimu! Mtu akiingia nyumba mpya si anaita watu, anasomewa, watu wanakula ubwabwa? Tuliona lori linashusha vitanda, tukasema hapa keshokutwa tunaitwa. Masoudi, huyo dereva, alishapiga pasi kanzu. Ikapita wiki. Ikapita Ramadhani. Tukasema basi, huyu kaingia kimya, hataki watu. Na mtu asiyetaka watu hubishi hodi kwake."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Kweli sikuwaza. Nyumba ya serikali haisomewi dua. Unakabidhiwa ufunguo, unakagua vitasa, unasaini, wanafunzi wanakubebea magodoro. Hii ndiyo nyumba yangu ya kwanza maishani, na nikaiingia kama nimepangiwa na ofisi ya elimu. Kaka yangu wa Chinongwe aliwahi kuniuliza dua lini, nikamjibu nikimaliza kupaka rangi. Rangi yenyewe mpaka leo imeishia sebuleni.

"Jumamosi si ndiyo anakuja?" Bi Sikuzani akauliza. "Basi Jumamosi pika. Tutakuja kula. Huo uongo utaubeba mwenyewe."

Jumamosi nyumba haikuwa yangu tena. Bi Sikuzani alinifukuza jikoni kwa kuwa nakata vitunguu polepole, nikapewa kazi ya kuteka maji. Mzee Masoudi alileta sufuria kubwa na maneno mengi zaidi ya sufuria. Mzee Felisian, yule wa magereza, ni Mkristo, na alisema yeye dua hajui ila viti anavijua. Akaleta vya kwake na kuvipanga mstari ulionyooka, na aliyesogeza kiti alirudishiwa pale pale. Ustadhi akaja, akasoma, tukaitikia amina. Mwenye nyumba nilikuwa nimeloa kifuani kwa maji ya ndoo.

Imrani alifika sahani zinaanza kugawiwa. Aliona viatu vimejaa mlangoni, akanikumbatia.

"Mama, kumbe kweli una watu!"

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilitabasamu, nikamwekea nyama.

Akala, akanawa, akaangaza macho. "Sasa Mama Nasma ni yupi?"

Mzee Masoudi akageukia dirisha. Bi Sikuzani aliendelea kula taratibu, na nikajua kwamba nikimwonyesha kidole atanikana mbele ya ustadhi.

"Hayupo," nikasema. "Nilimtunga. Majirani zangu ni hawa, na wiki iliyopita hata majina yao nilikuwa siyajui."

"Na Mzee Ismaily?"

"Naye pia."

"Mama! Nimemtumia dawa ya kuchua mgongo!"

"Ipo kabatini. Ni nzuri, nimeitumia kwenye goti."

Mzee Masoudi alipaliwa na ubwabwa, Mzee Felisian akawa anampiga mgongoni. Imrani hakucheka. Aliniangalia kwa jicho lile lile nililowaangalia nalo wanafunzi miaka yote, na sikulipenda.

"Mwezi wa tatu ulipougua malaria," akasema, "uliniambia Mama Nasma alilala hapa kukuangalia. Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna."

"Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu."

Akasema kwa sauti ndogo, "Kesho tunaondoka wote, mama. Sitalala tena nikijua hivyo."

Nikamwambia sitaki. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba naogopa kwenda kufia ghorofani ambako hata jua silioni, na sauti ikanitetemeka, nami sijawahi kutetemeka sauti mbele ya darasa. Lakini sikuwa na hoja. Hoja zangu zote nilikuwa nimezitunga.

"Sisi tulijua," akasema Bi Sikuzani.

Imrani akageuka.

"Mama yako alipougua, tulijua. Uwanja haukufagiwa. Taa ya nje ikawaka mchana kutwa. Ukutani kwangu namsikia anatapika. Nikapika uji, nikawaita hawa wawili, tukaja mpaka getini. Tukabishana pale nani agonge. Masoudi akasema Mwalimu hataki watu, atatutukana. Felisian akasema tungoje kidogo, labda atatoka. Tukasimama mpaka uji ukapoa, baba. Nikarudi nao nyumbani. Mie nesi, nimezeeka kwenye wodi, nikamwacha mgonjwa ndani kwa kuogopa geti."

Akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Mzee Masoudi alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimelala sakafuni kwa sababu sakafu ilikuwa baridi, kiu imenikausha, na nilikuwa nawalaani. Nilisema majirani gani hawa wasioweza hata kumletea mtu uji. Nilitaka kuwaambia hivyo, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa, "Mngegonga tu."

"Ungefungua?" akauliza Mzee Masoudi.

Nikajifunga khanga upya, maana nilijifahamu.

Imrani aliinuka, akaingia ndani. Nikasikia anafungua droo moja baada ya nyingine, nikajua anakusanya nguo zangu. Alirudi mkono mmoja amekunja ngumi. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, akachuchumaa mbele ya Bi Sikuzani, akamwekea kiganjani ufunguo wa akiba wa geti.

"Bibi," akasema, "siku nyingine usigonge."

Bi Sikuzani akaufunga kwenye pindo la khanga, akalivuta fundo mara mbili kuhakikisha. Hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba. Nilijaribu kukasirika, kwani geti ni langu na nililichagua mwenyewe, lakini hasira haikuja. Nikalia kwa sauti, mwalimu mstaafu, mbele ya watu ambao bado walikuwa wanatafuna.