Sinema ya Mtoni Ilipotakata

Watu wa Shinyanga walizoea kuiona Sinema ya Mtoni ikinyeshewa. Tangu mwanzo hadi mwisho picha ilipigwa na michirizi myeupe, iwe mchana au usiku, iwe jikoni au harusini, nao watazamaji wakaiita mvua. Rangi zilikuwa zimechujuka hata sari zote zikawa za rangi moja, ile ya tofali bichi. Sauti ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwimbaji alianza vizuri, akifika katikati ungedhani kuna mtu anakaanga dagaa kando yake.

Jina halisi la sinema ile lilikuwa refu, la Kihindi, na hakuna aliyejisumbua nalo. Nakala ile ilikuwa imezunguka Mombasa, Dar es Salaam na Tabora kabla ya kumfikia Velji, mwenye ukumbi. Kila ilipokatika kwenye mashine, Velji aliondoa sehemu iliyochanika na kuziunga ncha kwa gundi. Kwa hiyo mgeni aliyebisha hodi ndani ya sinema alionekana ghafla amekwisha kunywa chai na anaaga.

Ndiyo maana ukumbi ule haukuweza kufanya kazi bila Mabula. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Siku za sinema alivaa koti, akasimama kando ya pazia na fimbo mkononi, akawaeleza watu yanayotokea: kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma mambo yalipokolea. Kihindi alikiokota dukani kwa Velji, neno hapa neno pale. Penye pengo alitia maneno yake, na watu walisema sinema bila Mabula ni ugali bila mboga.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mama mmoja mjane ambaye mwanawe alikwenda mbali kutafuta kazi. Kila masika mama yule alikwenda mtoni, akaimba wimbo wa kumngoja. Mwishoni kabisa mwanamume alishuka ngazi za mtoni akiwa na kitu mkononi, uso wake doa jeupe kwa kuchakaa kwa picha. Hapo palikuwa na kiungo cha gundi, picha ikaruka, na mtu yule akaonekana ameinama miguuni pa mama. Velji mwenyewe ndiye aliyemwambia Mabula kwamba huyo ni mtoto amerudi, kwa kuwa kwao mtoto ndiye huinama miguuni pa mama yake. Basi Mabula akawa anainua sauti na kumwita mama yule kwa Kisukuma: "Amerudi, mayu. Mwanao amerudi." Akina mama wakapiga vigelegele.

Katika ukumbi ule alikuwamo mke wa Mabula, Mbuke. Mtoto wao wa pekee, Marselino, aliondoka mwaka wa vita vya Kagera kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Masika iliyofuata ikaja habari kwamba shimo moja, wenyewe wachimbaji huliita duara, limetitia kwa mvua na watu wakiwa ndani, na wengine hawakufukuliwa. Mtu mmoja alisema Marselino alikuwamo. Jirani yao mmoja aitwaye Januari, aliyekuwa akienda Chato ziwani kununua samaki, akasema hapana, yeye alimwona huko kwa macho yake akingoja basi la Biharamulo.

Wazee wa ukoo walipokuja kushauri matanga yawekwe, walimtazama Mabula, naye akatazama chini. Mbuke ndiye aliyejibu. "Siwezi kumlilia mtu anayekula samaki," alisema, wazee wakachukua fimbo zao wakaondoka. Toka hapo Sinema ya Mtoni haikumkosa. Alikaa benchi la mbele, akamsikiliza mumewe akisema amerudi, na siku ile nyumbani wakala chakula kwa raha. Mabula aliamini kwamba maneno yake ndiyo yanayomshikilia mke wake asianguke.

Mwaka 1984 Rajnikant, mtoto wa Velji aliyekuwa Bombay, akaleta habari njema. Kanda ya asili ya sinema ile ilikuwa imepatikana ghalani. Mafundi walikuwa wameiosha, wakaziba mikwaruzo, wakarudisha rangi, na sauti wakazitoa moja moja kama mtu anayepepeta mchele. Nakala mpya ikaja kwa garimoshi, na ile kuukuu Velji akairudisha kwa garimoshi lile lile. Mji mzima ukasikia. Waliambiwa wataweza kuhesabu nyusi za yule mama.

Jumamosi mchana Velji aliijaribu ukumbi ukiwa mtupu, akiwapo yeye kwenye mashine, mkewe Dhanbai na Mabula. Mabula hakuamini macho yake. Mvua ilikuwa imekatika kabisa. Mto ambao kwa miaka ulionekana kama barabara ulikuwa na maji, tena maji ya kijani, na majani yakielea. Sari zilikuwa nyekundu, manjano, zambarau. Mama alipoimba ulisikia anavyovuta pumzi kati ya neno na neno, na bangili zikigongana alipoinua mkono. Dhanbai alijifuta machozi, akasema wimbo huu aliusikia hivi mara ya mwisho redioni, alipokuwa msichana.

Kisha mwanamume akashuka ngazi. Alikuwa na uso sasa, uso wa mtu mzima mwenye masharubu, si wa kijana wa mwanzo. Mkononi alikuwa na kilemba kilichokunjwa, kile alichovaa kijana alipoondoka. Pale palipokuwa na kiungo cha gundi palikuwa na maneno, na Dhanbai akayafasiri polepole, kana kwamba kila neno lina moto: "Anasema, mama, hiki ndicho tulichokipata." Mtu yule akainama, akakiweka kilemba miguuni pa mama. Mama akakichovya mtoni, akaanza kuimba tena ule wimbo wa kungoja, ila sasa alikuwa akiaga.

Velji alishuka kutoka kwenye mashine amenywea. Alisema miaka yote hii alikuwa akimwona mtoto. Mabula akamwomba aikate sehemu ile.

"Nimekata nyingi, Bwana Mabula," Velji alijibu. "Zote zilikuwa zimechanika. Hii haijachanika."

Lakini alikuwa mtu wa huruma, na alimjua Mbuke. Wakakubaliana kwamba kesho, mtu yule atakapoanza kushuka, Mabula akiinua fimbo yake, Velji atazima taa ya mashine na kusema imeungua.

Nyumbani Mabula alijaribu njia nyepesi zaidi. Alimwambia mkewe kutakuwa na msongamano, na mguu wake una uvimbe, afadhali apumzike. Mbuke akacheka. "Wenzangu wakahesabu nyusi, mimi nibaki nachambua mchicha? Baba Marselino, una mwanamke mwingine huko ukumbini?"

Jumapili alasiri watu walijaa hadi mlangoni. Picha ilipowaka, ukumbi wote ulivuta pumzi. Baadaye wakaanza maneno.

"Kumbe bwana harusi ana makovu ya ndui," alisema Mageni, mwuza maziwa.

"Afadhali mvua ya zamani," mwingine akamjibu. "Ilimsitiri."

Mabula alipoanza kueleza, mtu fulani wa nyuma akamwomba kwa adabu awaachie wasikie sauti. Wengine wakaitikia. Alinyamaza. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha katika ukumbi ule, akasimama pale na koti lake kama mgeni asiyepewa kiti.

Ulipofika wimbo wa mwisho, aligeuka kumtazama mkewe. Siku zote mwanga wa picha kuukuu ulikuwa hafifu, hakuwahi kuuona uso wake wakati huo. Leo nuru ya ule mto wa kijani iliwaangaza watu wote wa mbele. Mbuke hakuwa akitazama pazia. Alikuwa akimtazama yeye, kwa uangalifu, kama mtu anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea.

Mwanamume akaanza kushuka ngazi. Fimbo ilikuwa mkononi mwa Mabula, naye akaona haiinuki. Mtu yule akafika, akasema maneno yake, akainama na kilemba. Kihindi watu hawakukijua, na sura ile hawakuitambua. Vichwa vikamgeukia Mabula.

Mbuke ndiye aliyesema. "Waambie, Baba Marselino. Ni nani?"

"Si mwanawe," alisema Mabula.

Mama wa sinema aliimba hadi mwisho, na kila pumzi yake ikasikika.

Walirudi nyumbani. Walipofika uani Mbuke aliketi kwenye kigoda, akamwambia kesho awaite wadogo zake na wazee wa ukoo, matanga yawekwe. Mabula akashtuka. Akamkumbusha Chato. Akamkumbusha kwamba Januari alimwona mtoto kwa macho yake.

"Januari alituonea huruma," Mbuke alisema. "Nilimjua tangu siku ile. Hakuweza hata kusema mtoto alivaa nini."

"Basi mbona uliwafukuza wazee?"

"Walikuuliza wewe, ukatazama chini. Nikasema moyoni, huyu bado hajaweza. Nikawa nakuja kukusikiliza. Ulikuwa unasema amerudi kama mtu anayemwona."

Mabula alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mkewe. Badala yake akaenda kutundika koti lake.

Watu walikuja siku iliyofuata, Velji na Dhanbai wakiwamo, wakavua viatu wakaketi mikekani na wengine. Mzee wa ukoo akamwomba baba wa marehemu aeleze safari ya mtoto wake, ilivyoanza na ilipoishia, kama ilivyo desturi. Mabula akasimama. Akaeleza kijana alivyozaliwa, alivyosoma, alivyoaga alfajiri akiwa amebeba godoro. Akamfikisha Nyarugusu, penye duara. Hapo akanyamaza. Watu wakangoja, kwa kuwa walimjua ni mtu asiyekwama.

Mbuke akanyanyuka kutoka upande wa wanawake, akashika maneno pale alipoyaachia mumewe, na akayamaliza.