Upande Uliopigwa Randa

…na binti wa dukani bado ameshika makopo mawili ya rangi ya mbao, moja kila mkono, ananisubiri, na mimi namtazama kana kwamba aliyeulizwa ni mtu mwingine, kumbe ni mimi, swali lenyewe rahisi kabisa, mwalimu, mbao za uzio wako zimepigwa randa au hazijapigwa, na jibu ninalo, sijalisahau hata siku moja, ila jibu lenyewe ni nusu kwa nusu, na hakuna mtu mwenye akili zake timamu atakayelitamka kaunta huku nyuma yake kasimama jamaa mwenye bomba begani ambaye ameshakohoa mara mbili, na si kikohozi cha ugonjwa. Nusu zimepigwa, nasema. Nusu kivipi, anasema binti, na mimi nilijua tangu nyumbani kwamba tutafika hapa, ndiyo maana nimezunguka duka zima nikishikashika misumari nisiyoihitaji, nikanusa gundi, nikafungua na kufunga kufuli ambalo sina mlango wa kulitia. Ananiita mwalimu kwa sababu nilimfundisha udereva, alikuwa anafumba macho kila tukikata kona, na leo ananikazia macho wala hapepesi. Basi namweleza, kila ubao una uso laini uliopita kwenye randa, na mgongo wenye vibanzi, sasa uzio wetu, ubao wa kwanza uso wake unatazama kwangu, wa pili unatazama kwa jirani, wa tatu kwangu, wa nne kwake, mpaka mwisho wa kiwanja. Ni urembo, anauliza. Ni heshima, nasema, na jamaa wa bomba anaacha kukohoa ili asikie vizuri.

Jirani, nimesema, eti jirani, ni kaka yangu, tumbo moja, kiwanja kimoja alichotuachia baba, nyumba zinatazamana, na katikati hapakuwa na kitu isipokuwa kamba ya kuanikia nguo, mpaka siku ile ya kuku. Na kuku bado namshikilia, mtu asiniambie kitu kuhusu kuku, kuku alikuwa barabarani. Kaka katika utu uzima wake aliamua kujifunza gari, na nani amfundishe kama si mdogo wake, na gari la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, hilo kila mtu analijua, akatokea kuku, mguu wangu ukaenda wenyewe, mguu huu wa kulia haunisikilizi, hata mke wangu akijaza glasi ya maji ikakaribia kumwagika mguu unakanyaga sakafu chini ya meza, gari likakita, na likakita wapi, mbele ya kibanda chake mwenyewe cha kunyolea, wateja wote wako mlangoni, mmoja ana povu nusu ya kidevu. Kaka akasema polepole, kuku nilikuwa nimeshamwona. Nikasema hukupunguza mwendo. Akasema nilikuwa nakaribia kupunguza. Nikasema kuku atajuaje kama unakaribia… na hilo ndilo lililowachekesha wateja, mwenye povu akashika ukuta, kaka akashuka akaacha mlango wa gari wazi, akaingia kazini kwake akamalizia kile kidevu, na wiki haijaisha nguzo zimeshushwa nje ya nyumba yake. Nami nikanunua mbao, ningefanyaje, nikae nizungushiwe kama mbuzi?

Ila uzio haujengwi na mtu mmoja, hilo hatukuwa tumelifikiria, mmoja ashike mwingine apigilie, kwa hiyo tukajenga pamoja, shika hapo, anasema, nimeshika, inua kidogo, nimeinua, hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho kama ndugu, na kila akichukua ubao yeye anaugeuza uso laini uje kwangu, maana hawezi kumpa mdogo wake mgongo wa ubao watu wakaona, na kila nikichukua mimi naugeuza uende kwake, maana ni mkubwa wangu, nimpe vibanzi vimchome? Tumenuniana lakini adabu ni adabu. Hakuna aliyekubali kupokea uso laini wa pili mfululizo. Fundi seremala mmoja alipita njiani, akasimama, akautazama uzio, akatutazama sisi, akaendelea na safari yake.

Ambazo hazijapigwa randa zinakunywa, anasema binti, zinakunywa kwelikweli, kwa uzio wa hivyo ongeza kopo, na mimi hilo la kulia nimeiona bei yake nikadhani ni namba ya simu… mwalimu unanisikia, nakusikia, na simsikii, nawaza oili chafu, kwa sababu oili chafu ninayo bure, dumu zima liko gereji, kila gari la mafunzo likimwagwa oili mimi nawekewa, unapaka na ufagio mchwa wanahama wenyewe, mvua inateleza, mfukoni hutoi kitu. Ila shemeji anaanika taulo za kinyozi juu ya uzio, nyeupe zote, kila asubuhi. Sikatai, nimeshawaza, nimemwona kaka akimfunga mteja taulo shingoni na mteja akiondoka na ukosi mweusi, tena yule wa povu, nikacheka peke yangu bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango, halafu nikamwona shemeji akizifua, na shemeji hajanikosea kitu, shemeji bado ananisalimia kupitia tundu la fundo kwenye ubao, naona jicho moja tu, shemeji umeamkaje, linasema jicho, salama shemeji, nalijibu jicho, na jicho linakwenda zake. Siwezi kulipaka oili jicho lile.

Kuna rangi ya asali, anasema, kuna ya jani kavu, kuna hii ya kahawa, hii ya kahawa inaficha kuvu vizuri, na kuvu ipo, weusi umeanzia chini umepanda, ukibonyeza ubao wa pembeni kidole kinaacha alama, mvua hizi zikija zikaukuta hivyo hautoki, mke wangu kasema vilevile, nenda kanunue yoyote utakayoweza kulipia, lakini kwanza kamuulize kaka yako anataka ya namna gani, maana itapenya kwenye nyufa, itamtiririkia upande wake, ataamka akute mbao zake zimelia. Nikasema nitapaka kwa uangalifu. Akasema, wewe. Hilo tu, wewe, akaendelea kukunja mashuka. Mzee, anasema jamaa wa bomba, samahani, mimi nyumbani maji yanavuja, naona yameshafika sebuleni. Dakika moja ndugu yangu, nasema, na nikigeuka kurudi kaunta najiona kwenye kifuniko cha kopo, kinang'aa, kichwa changu kimekaa upande, au ni kifuniko, hapana, si kifuniko, ni kichwa, ndivyo nilivyonyolewa, tangu siku ya kuku nakwenda kwa mtu mwingine kule nyuma ya soko, kila nikikaa ananiuliza nataka mtindo gani, mtindo, mimi sijawahi kuulizwa mtindo maisha yangu yote, kaka alikuwa anaukamata utosi kwa kiganja, anakigeuza kichwa anakotaka yeye, tulia, anasema, natulia, na nyuma ya sikio langu la kushoto nina kovu ambalo mashine lazima ilizunguke, anayelijua ni yeye, alikuwepo siku nilipolipata, huyu wa sokoni analipita juu kila mara, damu, pole mzee, ananipaka spiriti, naruka. Nimemkumbuka kaka yangu. Haya, nimelisema, japo ni kimoyomoyo tu, katikati ya misumari na gundi.

Sasa tuamue, mwalimu, anasema binti, na ananyanyua mkono wa kulia, hili ni miaka kumi, limeandikwa hapa, jua, mvua, mchwa, ukipaka unausahau, utaukuta vilevile ulivyouacha, na ananyanyua wa kushoto, hili bei yake nafuu lakini nisikudanganye, ni la msimu mmoja, mvua zikiisha nalo limekwisha, sasa ni wewe, unataka uzio ukae muda gani… na hilo swali, sijui kwa nini, hilo halikunijia nyumbani, nilijiandaa kwa lile la randa tu. Miaka kumi. Naiweka miaka kumi juu ya umri wa kaka, na sipendi kinachotokea, naiweka juu ya goti lake la kulia analoliburuta tangu masika yaliyopita, nimelisikia kupitia uzio, hatua moja nzito moja nyepesi, naiweka juu ya kichwa changu, miaka kumi ya mtu wa sokoni na spiriti yake, miaka kumi shemeji jicho moja, kila kitu nitakikuta vilevile nilivyokiacha, na yote hayo kwa hela zangu mwenyewe, yaani nitoe hela, tena nijinyime, ili ugomvi wa kuku usioze. Kuku mwenyewe ameshaliwa zamani. Mwenye kuku ameshahama.

Mna mambo nyie watu wa nusu kwa nusu, anasema binti, juzi alikuja mzee mwingine, naye ubao mmoja laini ubao mmoja vibanzi, nikadhani ni mtindo mpya umeingia mjini. Mzee gani, nasema, na mguu wa kulia umekanyaga sakafu ya duka, umekanyaga kwa nguvu. Simjui, mtaratibu hivi, anachechemea, nadhani ni kinyozi maana alinitazama nywele kabla hajanitazama uso. Alinunua lipi, nauliza. Hakununua, anasema, alisimama hapohapo uliposimama, akashika hili, akaweka, akashika lile, akaweka, watu wakajaa nyuma yake kama hivi, halafu akasema hawezi kuchagua mpaka akamuulize mwenye upande wa pili. Kisha akaniambia nywele zangu zimekatika kwa nyuma, zimekatika kweli, mwalimu, na anageuka nitazame, na kweli zimekatika, kaka hakosei kwenye nywele, kwenye barabara ndiyo, kwenye nywele hapana… juzi, na jana ilikuwa kimya, na leo asubuhi nilimsikia kaja mpaka kwenye uzio, hatua nzito hatua nyepesi, akasimama, nikasimama na mimi na mswaki mdomoni, nikasubiri aseme, akasubiri, mswaki ukaisha povu, akarudi ndani. Nikadhani amekuja kukagua mchwa.

Mzee, hilo la miaka kumi ni zuri, anasema jamaa wa bomba, chukua twende. La msimu mmoja, nasema, niwekee pembeni. Binti anashusha mkono wa kulia, anauliza rangi gani, asali, jani kavu, kahawa. Sijui, nasema, mpaka nikamuulize mwenye upande wa pili, na binti ananitazama, ananitazama tena, anakitazama kichwa changu kilivyokaa upande, mdomo unafunguka kidogo, lakini huyu siku zote alikuwa mwepesi wa kuelewa, tatizo lake lilikuwa kona tu. Kwa hiyo leo huchukui kitu, anasema. Brashi, nasema, brashi nachukua. Moja? Jamaa wa bomba analihamishia bomba bega la pili, anapumua. Mbili, nasema.