Faili ya Khadra

...kosa liko upande wako, alisema Khadra, mke wangu, tazama pale unapoileta faili yangu ndani ya yako, nami nikajibu bila kugeuka, yako ndiyo mbovu, akacheka, haya bingwa, ngoja nitoe anjera motoni kabla haijaungua, na hilo ndilo la mwisho, kisha kikaango na mkate wake sakafuni, kisha gari la wagonjwa, kisha daktari wa zamu akitazama viatu vyake, na jioni hiyohiyo kaburi, sasa ni siku ya arobaini na moja, nimeketi kwenye kiti kilekile, chumba kilekile cha hapa Waberi, alasiri, feni inazunguka, na kwenye skrini mstari mwekundu uleule, soma_kina haipatikani, ilhali ipo, imo katika faili yake, naijua... programu ni ya visima vya Elwak, yeye aliandika sehemu inayopima kina cha maji, kwa lugha ya C, mimi ile inayowaonyesha watu vipimo, kwa C++, kila faili peke yake inapita bila lawama, ni kuziunganisha tu ndiko kunakokataa, na Elwak wanaitaka kesho asubuhi, na kesho asubuhi pia mama mkwe anataka jibu, yuko uani sasa hivi na Rukiyo, mdogo wake Khadra, aliyekuja jana kutoka Hagadera anakofundisha, nasikia maneno nusunusu, nyumba isife, mtu wetu huyu, ni desturi yetu, mke akifa watu wake humpa mfiwa dada yake, inafanywa kwa wema, najua ni wema, sina hasira, sina chochote... Abdilatif, mwanangu, chai inapoa, anaita mama mkwe, naam hooyo, naam mama, nakuja, na siendi... naweza kuifuta faili yake, ni mistari mia mbili tu, niiandike upya kwa lugha yangu, saa mbili zitatosha, maji yatapimwa vilevile na hakuna ngamia atakayejua nani aliandika, tulikuwa na sheria moja, hakuna anayegusa faili ya mwenzake bila kuomba ruhusa, basi niombe kwa nani, nimeichagua tayari, jina lake limekolea rangi ya buluu, kando yake tarehe ya mara ya mwisho kuguswa, Jumatatu, saa moja na dakika sita asubuhi, alipoinuka kwenda jikoni, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta... kwani Mama, mimi ni spea ya gari, anasema Rukiyo, sauti yake imepanda, moja imeharibika, mnafunga nyingine, astaghfirullah, teremsha sauti, shemeji yako yumo ndani, asikie, wallahi asikie, hata yeye hajaniomba, mnamsemea tu... nasikia, ndiyo, sijaomba wala sijakataa, siku arobaini na moja nimewaacha wanisemee, kidole kinaondoka kwenye kitufe, nausoma tena ule mstari mwekundu, polepole kama Khadra alivyokuwa akinilazimisha, soma_kina, kisha mabano, na ndani ya mabano int, lakini lugha yake, C, haibandiki mabano kwenye jina, hiyo ni tabia ya lugha yangu mimi, ni faili yangu inayoitafuta kazi yake kwa namna isiyo yake, kisha inasema haipo... upande wangu, alisema, tazama pale unapoileta, na sikugeuka, dawa yake ni mistari miwili katika faili yangu, mmoja kabla na mmoja baada, kuiambia kwamba yanayokuja hapa ni ya C, yaache yalivyo, faili yake haihitaji kuguswa kabisa... chai imepoa bila shaka, feni inazunguka.

Asubuhi iliyofuata niliongeza mistari ile miwili, faili zikaungana, nikaituma programu Elwak, faili ya Khadra ikiwa bado na Jumatatu yake. Kisha nikapika anjera. Nikampelekea mama mkwe uani, nikachuchumaa mbele yake, nikasema, "Hooyo, asante, lakini hapana. Nilipaswa kusema mapema, kosa ni langu." Alinitazama, akavuta shungi lake. Rukiyo akachukua anjera ya juu, akaigeuza. Chini ilikuwa nyeusi. "Umeiunguza, shemeji," akasema, akaila yote.