Chembe ya Sitini

Usiku wa jana, plasta ikiwa bado shingoni, niliota nimeitwa kwenye mkutano wa chembe za mwili wangu mwenyewe.

Kwanza mjue hivi. Nina uvimbe kwenye tezi ya shingo, sawa na limau. Daktari Mbwambo ameshanichoma sindano ya kuvuta kipimo safari tatu. Safari ya kwanza, sindano ikiwa ndani, nesi aliingia akasema, "Shikamoo bibi." Mtu akiniamkia nitaachaje kumwitikia? Nikasema marahaba, shingo ikacheza, ikaja damu tupu. Karatasi ikarudi imeandikwa: haitoshi. Safari ya pili nikameza mate. Haitoshi. Jana akanitoboa matundu matatu, akasema, "Bibi, hii nayo isipotosha, tutakupasua bila kujua tunapasua nini." Majibu Ijumaa.

Binti yangu Eliwaza alikuwa na uvimbe kama huu. Kipimo chake kilirudi haitoshi mara moja tu, hakuitwa tena. Tulimzika wakati wa kuvuna maharage.

Basi ndotoni nimelala kwenye kitanda kile kile cha hospitali, lakini chumba ni uwanja wa shule niliyosoma. Katikati kimelazwa kioo kikubwa cha kupimia. Chembe zinapanda juu yake, zimejitanda khanga kama za msibani, zinakaa kumi kumi. Kila kumi ina balozi wake, kama nyumba kumi za kwetu.

Hadubini yuko mezani. Ana jicho moja.

"Kanuni ni makundi sita," anasema. "Kila kundi chembe kumi. Zikipungua, mimi sisemi neno."

"Hata kama nakufa?"

"Kufa ni ofisi nyingine."

Damu inafika bila kualikwa, inakalia viti vya chembe. Nauliza nani kaileta.

"Wewe, kwa mdomo wako," anajibu Sindano. Ni mwanamke mwembamba, anaongea kwa pua. "Mimi nimeingia taratibu. Wewe ukasema marahaba."

"Niliamkiwa."

"Niliamkiwa! Wenzako wamezikwa na adabu zao."

Mabalozi wakaanza kuita hesabu. Kundi la kwanza, kumi. La pili, kumi. Mpaka la tano, kumi. La sita, balozi akahesabu mara mbili, akainamisha kichwa. Tisa.

"Hamsini na tisa," akasema Hadubini. "Haitoshi."

"Baba yangu, imepungua moja tu!"

"Hiyo moja ndiyo haitoshi."

Sindano akanisogelea sikioni. "Jana waliniingiza katikati mara zote tatu. Katikati ni maji, hakai mtu. Wenyeji wanaishi ukutani. Tutoboe tundu la nne, pembeni. Lakini usimeze mate, wala usimwitikie mtu."

Nikakubali. Papo hapo uwanja haupo, kitanda na kioo viko ndani ya shingo yangu. Kuta ni nyekundu, zina joto kama jiko la kuni. Sindano anaingia. Nakaza meno.

Chembe zote hamsini na tisa zinasimama. "Shikamoo bibi!"

Nimenyamaza.

"Bibi gani huyu?" anasema balozi wa kundi la tatu. "Watoto wanamwamkia, kakaa kama gogo."

"Kaenda hospitali ya mjini mara tatu, kashaota maringo," anadakia mwenzake.

Aibu inanichoma kuliko Sindano.

Ndipo ukutani ikatoka chembe ya sitini. Imefunga kitenge kile tulichomzika nacho Eliwaza. Imebeba kigoda chake. Inatembea kama Eliwaza, mguu wa kushoto ukibaki nyuma kidogo. Ni Eliwaza.

Anasimama mbele yangu. "Shikamoo mama."

Sindano yumo shingoni.

"Mama, shikamoo."

Natazama juu. Nahesabu moja mpaka kumi, narudia.

"Mama, umenikasirikia?"

Machozi yakatoka. "Hayo ruksa," akasema Sindano. "Hayachezeshi shingo."

Eliwaza akangoja, kisha akapanda juu ya kioo, akaweka kigoda chake kwenye kundi la sita. Hadubini akainama.

"Sitini. Inatosha."

"Inatosha kupona?" nikauliza, maana Sindano alikuwa ametoka.

"Inatosha kujibiwa. Kupona nako ni ofisi nyingine."

Nikageuka haraka nimwitikie mwanangu. Mhudumu wa maabara alishamwaga spiriti juu ya kioo, chembe zisiharibike. Zote zikaganda pale zilipo. Eliwaza akaganda ananitazama, bado anangoja.

Nikaamka kumekucha. Mjukuu wangu Nakiete, mtoto wa Eliwaza, alikuwa ameketi kitandani anabandua plasta anioshe.

"Bibi, jana si walikutoboa mara tatu?"

"Tatu."

"Mbona naona matundu manne? Na hili la pembeni bado linatoka damu."

Nikamwambia abandike plasta nyingine.

"Halafu hujaniitikia. Nimekuamkia tangu naingia."

"Marahaba," nikasema. Nikagusa plasta. "Marahaba."

"Hiyo ya pili ya nani?"

"Lete uji, mwanangu. Utapoa."