Mgongo wa Kabati

Nakutegea, nawe tulia. Mchana kutwa niko nawe, usoni sikutazami, nakupa mgongo tu. Siku nikikugeukia, ujue mambo yameharibika. Mimi ni nani? Usiniambie kivuli, wala usiniambie kiti. Hayo wajukuu wangu wameshayasema yote na hakuna aliyepata. Wala usikimbilie kunipa mji. Kaa nalo, tutakutana mbele.

Mjukuu wangu mmoja wanamwita Kabati. Jina hilo si langu, wamempachika kazini, kwa sababu akisimama mlangoni mlango hauonekani. Ni mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea tangu ana mapengo ya mbele, na mabega yale mapana unayoyaona ni jasho langu na sufuria zangu. Cherehani nilishamwekea, mpaka leo ipo pale kona imefunikwa kitambaa. Yeye akachagua kusimama mbele ya watu asiowajua, ili wao wakitaka kupigwa apigwe yeye. Mlinzi wa mtu.

"Kwa nini lakini, mwanangu?" nilikuwa namuuliza kila akija kula.

"Bibi, mchuzi unapoa."

Hilo ndilo jibu nililokuwa napewa. Mara mchuzi, mara viatu vinambana, mara usingizi umemzidi.

Aliyekuwa akimlinda ni mjane mwenye duka la mabati, wateja wote wanamwita Mama Mabati. Mumewe alipofariki, shemeji yake alilitaka duka. Alianza na maneno matamu, akaja na wanasheria, akashindwa. Basi akaanza kutuma watu. Mlinzi wa kwanza alivunjwa taya akaacha kazi. Aliyechukua nafasi yake ndiye huyu wangu.

Mimi pale dukani nilipelekwa na paa la jikoni. Lilikuwa linavuja mpaka napika nimejifunika sinia kichwani. Nikaenda kuulizia bati mbili, kapu langu mkononi. Mkono wangu wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya, haupandi juu ya bega, kwa hiyo kapu lilikuwa kulia na lilikuwa limenichosha.

"Nipokee, mwanangu," nikamwambia Kabati.

Hakunyoosha mkono. "Siwezi. Nikiwa kazini mkono haushiki kitu."

"Hata kapu la bibi yako?"

Akainama kama anayenionyesha bei, akasema taratibu, "Hapa mimi sina bibi. Usiniite mwanangu, niite Kabati kama wengine. Wakijua wewe ni nani wangu, watakutumia. Kaa pale kama mteja."

Nikanuna. Nikaenda kukaa juu ya boksi la misumari kando ya mlango, nimelipakata kapu langu, namtazama mtoto niliyemwogesha akinipa mgongo kurudi kwenye nafasi yake.

Mabati yalikuwa yamepangwa marundo mawili marefu, katikati kichochoro cha kupita mtu mmoja tu. Mwisho wa kichochoro kaunta, na nyuma ya kaunta Mama Mabati. Kabati amesimama ndani ya kichochoro, mgongo unakaribia kugusa kaunta. Wateja wanaingia, anaitikia salamu, lakini macho yake hayafiki usoni mwa mtu. Anatazama mikono. Aliwahi kuniambia kwamba uso unaweza kuuambia ucheke na ukacheka, vidole haviambiwi.

Wakaingia wawili. Mmoja mrefu, kofia ya sufu. Mwingine mfupi mnene, ana gunia lililoviringishwa kwapani.

"Mama, bati za geji thelathini mnauzaje?" mrefu akauliza.

Kabla Mama Mabati hajajibu, Kabati akasema, "Weka gunia chini."

"Gunia gani, dada?" Mfupi akamcheka Kabati.

"Hilo. Chini."

Gunia lilishuka. Kilichokuwa ndani hakikushuka. Ilikuwa nondo, urefu wa mkono wa mtu mzima. Kabati aliigonga kaunta kwa kisigino bila hata kugeuka, Mama Mabati akazama chini yake, na nondo ikamshukia Kabati kwenye mtulinga. Nilisikia mfupa ule. Ulilia kama kuni inayovunjwa gotini.

Hakurudi nyuma hata hatua moja. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia, wa pili ukamdaka mfupi sikio, akamburuta uso kwenye ukingo wa mabati kama mtu anayekuna nazi. Nyama ilifunguka kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni. Damu ikidondoka juu ya bati jipya inalia, ti, ti, ti, kama mvua inayoanza. Mfupi alipiga yowe, akainua nondo tena. Kabati akamkanyaga goti kutoka ubavuni, mguu ukakunjika upande ambao Mungu hakuupanga. Nondo ikaanguka, naye akaanguka juu yake.

Mrefu aliona kichochoro kimezibwa. Akageuza macho, akaniona mimi.

Alinivuta kwa kitambaa cha kichwa mpaka shingo ikapinda, nikasikia kitu baridi chini ya sikio. "Ondoka mbele ya huyo mama! La sivyo namchinja huyu bibi!"

Yule mfupi alikuwa akilia sakafuni. Nilimtafuta mjukuu wangu kwa macho. Hakunitazama. Alikuwa anautazama mkono wenye kisu.

"Mchinje," akasema. "Kwanza simjui."

Kisu kilikuwa kimeshaanza kuingia, nilisikia joto likishuka ndani ya gauni. Lakini wallahi, yale maneno yaliingia zaidi.

"Unadhani natania?"

"Chinja basi, unangoja nini? Mimi nalipwa kwa huyu wa nyuma. Huyo ni mteja tu, na tangu afike hajanunua hata msumari."

Mkono wa mrefu ukasita. Kisu alikishika ili kiogopwe; kilipokosa wa kukiogopa, hakujua akifanyie nini. Akakitoa shingoni mwangu amwelekezee Kabati, "We mwanamke we..."

Hakumaliza. Kabati alilisukuma bati la juu kwa nyonga yake yote. Likateleza kutoka kwenye rundo kama droo inayofunguliwa kwa hasira, ukingo mbele, likampata kwenye kiganja. Kisu kilianguka pamoja na vidole viwili. Mimi nilianguka juu ya misumari.

Nimeona watu wakipigwa maishani mwangu. Namna ile sikuwahi kuona. Alimpiga kwa kiwiko, kwa kichwa, kwa kisigino, ule mkono uliolegea ukipepea kama wa shati kwenye kamba. Meno yalimtoka mtu yule, na mawili ya Kabati nayo yakatoka alipompiga kwa kichwa. Mama Mabati akapiga kelele chini ya kaunta, "Inatosha! Utaua!" Hakusikia. Mtu alikuwa ameshalala, naye bado anakanyaga.

"Kabati!" nikaita. Hata pale sikuthubutu kusema mwanangu.

Akasimama. Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akaporomoka.

Wodini walimtia chuma begani. Mimi nilishonwa shingo, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Mama Mabati alikuja na maua na habari: wale wawili wamemtaja shemeji, shemeji amekamatwa, na nafasi ya Kabati inamngoja akipona.

"Nitarudi," Kabati akasema kupitia mapengo, kama alivyokuwa nilipomchukua.

Mama Mabati alipoondoka nikasogeza kiti. "Leo hakuna mchuzi wa kupoa. Nijibu. Kwa nini kazi hii? Kazi ya kufa badala ya mtu, kazi ya kumkana bibi yako kisu kikiwa shingoni?"

Akautazama mkono wangu wa kushoto.

"Unakumbuka baba alivyokuja kwako na mpini wa jembe?"

"Usinikumbushe mkwe yule."

"Ulisimama mlangoni, mlango umeurudisha nusu. Akauliza, yuko wapi mtoto. Ukasema hujui. Akapiga. Ukasema hujui. Akapiga tena, mkono ukavunjika, nikausikia. Ukasema, mtoto huyo mimi simjui alipo."

"Wewe ulikuwa chini ya kitanda."

"Nilitoka. Nilikuwa nyuma yako, kwenye giza la mlango, nimeshika gauni lako."

Mkono wangu mbovu ulikuwa juu ya shuka lake, akaushika kwa ule wake mzima.

"Mbele yako palikuwa na mpini, Bibi. Nyuma yako palikuwa pazuri, sikuguswa hata unywele. Nikasema nikikua, na wengine nitawapa mahali kama pale."